Kitufe cha Kukataa Isale

Mnanijia hapa Mwika na simu zenu mikononi, mnakalia kiti changu kizuri, na kabla chai haijamiminwa mmeshauliza: "Bibi, tuandikeje hadithi ya gemu ili mchezaji asichoke njiani?" Kwanza, shikamoo iko wapi? Haya, marahaba. Sasa kaeni vizuri, na mwenye haraka aende akaniangalizie ng'ombe, maana jambo hili mimi sijui kulieleza kwa ufupi. Nilishajaribu kwenye semina moja huko mjini. Nikaambiwa nina dakika chache, nikababaika, nikaishia kueleza jinsi nilivyofika, na kwa basi gani.

Nilianza kazi hii bila kujua kwamba ni kazi. Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na shemeji yangu akarudi kutoka Dubai na mashine za gemu na televisheni, hana pa kuziweka. Mimi nilikuwa na kibanda pale Moshi mjini, karibu na soko la Mbuyuni, nauza vitambaa, na vitambaa havinunuliki kwa sababu ya mitumba. Tukaviondoa, tukaweka mabenchi. Hivyo ndivyo mimi Mama Ndeshi, mzee wa kanisa, nilivyogeuka kuwa mama wa gemu. Mchungaji wetu alisikitika sana.

Kaseti za gemu zile zilikuja na maandishi ya Kijapani. Kuanzia pale sokoni mpaka kileleni mwa mlima hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Unaona mtu anakimbia, anaruka, anapiga joka, anakufa. Wachezaji wakadhani kwa kuwa mashine ni zangu basi nami najua, wakaniuliza, "Mama Ndeshi, huyu anatafuta nini?" Sikutaka kuonekana mjinga. Nikasema anatafuta dhahabu.

Mlangoni kwangu alikaa mwanamke mmoja muuza ndizi, Ma Shayo, mwenye ulimi mkali kuliko panga lake la kukatia mikungu. Alikuwa anasikia kila kitu.

"Dhahabu ya nini?" akauliza. "Anaoa? Anajenga?"

"Ma Shayo, hii ni gemu tu."

"Basi huyo mtu ni mpumbavu. Nani anatoka kwao kwenda kupigana na majoka, na hana shida yoyote? Angekaa alime."

Nilikasirika, nikamwambia auze ndizi zake. Lakini nilipofika nyumbani maneno yake yalikuwa yananikera bado, maana alikuwa amesema kweli. Kesho yake nikawaambia wachezaji kwamba yule mtu ana dada, na dada alichukuliwa na joka asubuhi ya kipaimara chake, akiwa ameshavaa gauni jeupe, wageni wameshafika na pombe ya mbege imeshaiva. Mae! Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama juu ya ndoo. Hamali mmoja wa sokoni, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, alipouawa na joka alibaki ameshika pedi ya gemu, hataki kuinuka. Nikamwambia muda wake umekwisha. Akasema, "Sawa, lakini sasa mama yao anaambiwa nini?"

Sijasahau swali lile. Ninyi mnaanza na silaha, na ramani, na joka lina vichwa vingapi. Anzeni na aliyebaki nyumbani anasubiri.

Baada ya hapo nikalewa sifa. Nikawa nasimulia bila kupumua, mtu anapigana mimi nasimulia, anaruka korongo mimi nasimulia. Fundi redio wa jirani akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Ndeshi, nyamaza kidogo nife kwa amani." Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa iliniuma. Alinifundisha kwamba mkono ukiwa na kazi sikio halisikii. Maneno yawekeni pale mchezaji anapovuka mto taratibu, au anapofungua mlango. Hata hapo yawe machache. Mkiona mchezaji anabonyeza harakaharaka ili maandishi yapite, msimlaumu yeye.

Miaka ikaenda, kompyuta zikaingia mjini, watu wakaacha mabenchi yangu. Ndipo Anaeli akaja kunitafuta. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, na sasa alikuwa anatengeneza programu za shule kwenye kiofisi kidogo cha ghorofani pale mjini. Alisema watu walimsimulia habari zangu. Ana gemu ya kufundishia watoto habari za maji na mashamba, lakini watoto wanaicheza mara moja tu na hawairudii.

Nilimpenda Anaeli. Alikuwa mwepesi wa kucheka, ila mwepesi pia wa kununa. Na alikuwa na jambo lake, nitawaambia mapema ili mjue tulikuwa tunafanya kazi na mtu wa namna gani. Kwao ni Masama, na alikuwa haendi. Yeye ni kifungua mimba. Nyumba ya wazazi, kama ilivyo desturi yetu, aliachiwa kitinda mimba, mdogo wake Ndekirwa, na mama yao anaishi humo humo. Baba yao alipokufa na bei ya kahawa ilipoanguka, Ndekirwa aling'oa mibuni ya baba akapanda nyanya. Anaeli akaja juu, wakagombana nje ya kanisa mbele ya watu, na tangu siku hiyo Anaeli hakukanyaga kwenye ua ule. Kutokukanyaga ua maana yake ni kutomwona mama. Na habari zilikuwa zinashuka mjini na kila mtu wa Masama aliyepita ofisini: mama macho yanaisha. Mama anamuulizia. Anaeli akisikia hivyo anageukia kompyuta, anagonga vitufe kwa nguvu mpaka unaihurumia.

Basi tukaanza kazi. Mimi sikuwa najua kompyuta, na sikuona haya kusema hivyo. Nilikuwa naandika kila kipande cha hadithi nyuma ya kalenda ya zamani, natandaza karatasi sakafuni, halafu navua viatu na kutembea juu yake. Nikifika penye njia mbili nasimama, najiuliza mguu wangu unataka kwenda wapi. Ukienda wenyewe bila kusita, najua pale hapana njia mbili, ipo moja. Anaeli alinicheka mwanzoni. Baadaye nikamkuta naye kavua viatu.

Gemu tuliiita Zamu ya Maji. Mchezaji ana kihamba chake, shamba la nyumbani lenye migomba na ng'ombe, na anapata maji ya mfongo kwa zamu, kama tulivyofanya siku zote kwenye mifereji yetu. Jirani yake anafungulia maji siku isiyo yake. Miche inakauka, ugomvi unazuka. Mwishoni jirani anakuja na isale, lile jani refu la mpakani, amelifunga fundo, anaomba msamaha. Hapo tukaweka vitufe viwili: Pokea na Kataa. Tulijisifu sana kwa vitufe vile. Tukasema hapa ndipo mchezaji atakapotoka jasho.

Tukaijaribu kwenye shule moja hapa hapa Mwika. Mtoto wa kwanza, Pokea. Wa pili, Pokea. Wote wakapokea, tena bila kupunguza mwendo, kama mtu anayesema amina. Binti mmoja akaniita.

"Shikamoo, Bibi. Hiki kitufe cha pili ni cha nani?"

"Ni chako. Ukitaka unakataa."

Akanitazama kwa huruma. "Isale, Bibi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi, niliyezaliwa mlimani, niliyeona watu wanaochukiana kama paka na panya wakiliona jani lile na kunyamaza! Isale likishafika mlangoni halikataliwi. Kila mtoto pale alijua hivyo kabla hajajua kusoma. Tulikuwa tumewapa chaguo ambalo jibu lake walizaliwa nalo.

Wiki nyingine tukaipeleka Chekereni, kule chini kwenye mpunga, ambako watu wametoka kila mahali. Kule watoto walibonyeza Kataa kwa furaha. Mmoja akasema, "Ameniibia maji halafu ananiletea jani?" Anaeli alicheka mpaka akatoka nje. Hadithi ni ile ile, vitufe ni vile vile, na wala hapakuwa na wa kumlaumu kati ya watoto wale. Nawaombeni mlishike hili: mkiweka njia mbili, mwulizeni mtu wa mahali pale kama kweli anaziona mbili.

Tulirudi ofisini tumenyong'onyea. Nikatandaza karatasi, nikatembea juu yake mpaka nyayo zikawa nyeusi kwa wino. Ndipo nikasema, "Anaeli, tumempa mchezaji kiti cha raha. Yeye ndiye anayeombwa. Tumwondoe hapo. Yeye ndiye aibe maji."

"Hakuna mtoto atakayekubali kuiba maji."

"Atakubali, kama ndama wake anakufa kwa kiu na zamu yake bado."

Alifikiri, akacheka, akasema mimi ni mwanamke mbaya. Akageuza yote. Mchezaji akafungua mfongo siku ya jirani, kwa sababu nzuri kabisa, na mahindi ya jirani yakafa. Sasa mchezaji ndiye akate isale, apande mpaka kwa jirani, aseme. Hapo kazi ikatunyookea, mpaka tulipofika kwenye maneno ya kusema. Maneno yale nilimwachia Anaeli ayaandike.

Aliandika: "Naomba radhi kwa yaliyotokea."

"Yametokea yenyewe?" nikauliza. "Kama mvua?"

Akafuta, akaandika: "Samahani kama nilikukosea."

"Kama? Mahindi ya watu yamekauka, wewe unasema kama?"

Akaandika tena na tena, na kila mstari ulikuwa mzuri wa kusomwa na kila mstari ulikuwa na mlango wa nyuma wa kutorokea. Sikuwa na nia ya kumchokoza. Nilikuwa namfundisha kazi, basi. Mwishowe akasukuma kiti, macho mekundu.

"Mama Ndeshi, wewe unataka mtu avue nguo njiani!"

Akatoka, akaupiga mlango. Mimi nikabaki na zile karatasi zangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunazungumza habari za mahindi, na nikamhurumia, na nikaogopa pia kwamba nimempoteza.

Asubuhi yake alikuja mapema, amenyoa ndevu, amevaa shati la kanisani. Hakugusa kompyuta. Akasema, "Isale halipelekwi na mwenye kosa peke yake. Anahitaji mtu mzima asiye na upande. Nimefikiria nani, nimekosa mwingine." Nikachukua kanga yangu, tukaondoka.

Ngoja kwanza niwaambie habari za gemu, nisije nikaisahau. Iliisha, ilikwenda mashuleni, na watoto wa Mwika walikaa sana kwenye ukurasa wa mwisho. Jirani analipokea isale hapo hapo, halafu hasogei mlangoni, anauliza: "Umekuja kwa ajili ya nini?" Chini kuna majibu matatu. Moja linaomba radhi kwa yaliyotokea. Moja linamtaja ndama. La tatu linasema, mimi nilifungua maji yako, nilijua ni siku yako. Niliwaona watoto wakikaa na kidole hewani, hawabonyezi. Mwingine anageuka kuangalia kama mwenzake anamwona. Watu waliwahi kunisifu kwa swali lile la jirani, wakasema nimelitunga vizuri. Sikulitunga mimi. Nililisikia Masama siku ile.

Tulifika mchana. Anaeli alipita kwanza kwenye kipande chake cha kifungua mimba, kilichoota majani tu, akakata isale mpakani, akalifunga fundo. Fundo lilimshinda mara ya kwanza. Tukapanda mpaka kwenye ua wa wazazi wake. Mke wa Ndekirwa alituona, akaacha ufagio pale pale, akaenda kumwita mumewe migombani.

Ndekirwa alikuja na majani ya ng'ombe mabegani. Akayatua. Alimtazama kaka yake, akatazama jani. Akasema, "Kaka, shikamoo." Anaeli akajibu marahaba. Ndekirwa akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea isale.

Niliona mabega ya Anaeli yakishuka. Alidhani yamekwisha. Akapiga hatua aingie.

Ndekirwa hakusogea.

"Isale nimelipokea," akasema. "Hilo halikataliwi. Umekuja kwa ajili ya nini?"

Anaeli akanitazama. Mimi nikatazama chini. Kazi yangu pale ilikuwa kusimama, na wallahi nilisimama, ingawa ulimi uliniwasha.

"Kwa ajili ya yale mambo," akasema. "Mambo ya kahawa."

"Kahawa!" Ndekirwa akacheka bila furaha. "Kaka, watu wote wameng'oa kahawa. Hata padre kule ng'ambo ameng'oa. Kahawa tungeshaisahau."

Kuku wanaparua, ndani kuna mtu anakohoa, kikohozi cha mtu mzee, nami nikajua ni mama yao, na Anaeli naye akajua. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na mlango umezibwa na mtu mwenye haki ya kuuziba. Nilimwona akitafuta sentensi, kama nilivyomwona ofisini.

"Nilikutukana," akasema. "Pale nje ya kanisa, mbele ya mkeo na watoto wako. Nilisema baba alikosea kukuachia nyumba. Nilisema hukustahili."

Ndekirwa akamtupia jicho mkewe, aliyekuwa amerudi nyuma yake.

"Na nilikuwa nadanganya. Baba aliniita kabla hajakuachia. Aliniuliza, wewe ndiye mkubwa, unasemaje? Nikamwambia mpe Ndekirwa, yeye ndiye anayekuosha na kukulisha, mimi siwezi kazi hiyo. Siwezi, ndivyo nilivyomwambia. Baba akacheka, akasema basi na iwe hivyo. Nilijua yote hayo siku ile nakutukana. Nilikuona umesimama na watoto wako, watu wanakusalimia kama mwenye nyumba, nikaona wivu."

Vijana wangu, nimeandika hadithi nyingi, na nimesikiliza wachezaji wengi wakilia kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Lakini pale nilikaa chini kwenye jiwe. Nilikuwa namdai mtu yule mstari mmoja wa gemu, na kumbe alikuwa amebeba mzigo huo.

Ndekirwa aliligeuza jani mkononi, akaligeuza tena. Alipozungumza alikuwa kama anajisemea mwenyewe.

"Kwa hiyo baba hakukosea."

"Hakukosea."

"Unajua mimi sijalala chumba cha baba tangu siku ile? Tumebanana kule nyuma na watoto wote. Nilikuwa nasema, kaka ni mkubwa, amesoma, alikaa na baba kabla yangu. Pengine anajua kitu. Pengine nyumba hii kweli si yangu."

Anaeli akaanza kulia waziwazi, mtu mzima na shati lake la kanisani. Kutoka ndani sauti ikaita, "Ndekirwa, unazungumza na nani huko nje?"

Ndekirwa akasogea pembeni ya mlango. "Ni kaka, mama," akasema. "Amekuja nyumbani."

Anaeli akaingia. Sikumfuata. Nilimsikia mama yao akimwita kwa jina la utotoni, halafu akimgombeza kwamba amekonda. Ndekirwa alibaki pale pale na lile jani, ananitazama kana kwamba anataka kuniuliza jambo. Mkewe alikuwa amesikia yote. Hakungoja kuambiwa, alipita katikati yetu, akaingia kwenye chumba cha baba, nasi tukamsikia akisukuma madirisha, moja baada ya jingine, yale ya mbao yaliyokaa miaka yamefungwa.